Gĩthongo ina herufi ngapi?

Swali la leo ni dogo. Neno Gĩthongo lina herufi ngapi? Mtoto wa shule hapa kwetu atakuhesabia nane. Python 2, iliyostaafishwa Januari 2020, inasema tisa au kumi. Python 3 inasema nane au tisa, ikitegemea mwandishi alibonyeza nini. PHP, ukitumia strlen, inasema tisa au kumi mpaka leo. Nimekuwa nikichimba historia ya majibu haya, kwa sababu inagusa majina yetu.

Kiswahili kina irabu tano. Kimeru, kama Gikuyu na Kiembu, kina saba. Zile mbili za ziada huandikwa kwa alama juu ya i na u: wengine huweka kiwimbi (ĩ, ũ), wengine kofia (î, û). Alama hizo si mapambo, ni irabu nyingine kabisa.

Sasa turudi 1963, Marekani ilipotoa ASCII. Ilikuwa na nafasi 128 tu, na herufi zake zilikuwa za Kiingereza. Kiswahili kikapita bila shida. Kimeru kikaachwa mlangoni, nasi tukazoea kuandika Githongo kavu.

Mwaka 1987 ikaja ISO 8859-1 ya Ulaya Magharibi. Ilikuwa na î na û, ambazo Wafaransa huzihitaji, lakini haikuwa na ĩ wala ũ. La kuchekesha ni kwamba hizo mbili zilikuwemo katika ISO 8859-4 ya 1988, iliyotengenezwa kwa lugha za kaskazini kama za Estonia, Lithuania na Greenland. Gikuyu na Kimeru walipata lifti bila dereva kujua!

Unicode ilitoka 1991, na Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8. Humo ĩ inachukua baiti mbili. Ndiyo maana Gĩthongo ina herufi nane lakini baiti tisa.

Shida ni kwamba zana zetu nyingi za kila siku zilikuwa zimeshazaliwa, au zilizaliwa na mazoea ya zamani. AWK ni ya 1977, Perl ya 1987, Python ya 1991, PHP ya 1995. Zote zilianza kwa kuhesabu baiti. Perl iliishughulikia Unicode vizuri ilipofika 5.8, mwaka 2002. Python ilibadilika kabisa Desemba 2008, ilipotoka 3.0. PHP 6 ilikusudiwa kufanya hivyo, ikaachwa 2010. AWK yenyewe ya asili ilisubiri mpaka 2022, Brian Kernighan, mmoja wa waliyoiandika, alipoiongezea UTF-8 akiwa na miaka 80.

Je, mambo yameisha? Hapana. Chukua faili la wanachama wa chama chochote, toa safu ya mahali wanapoishi, kisha andika:

LC_ALL=C sort maeneo.txt | uniq -c

Unaweza kukuta Githongo mara nne: isiyo na alama, yenye kofia, yenye kiwimbi kama herufi moja, na yenye i ikifuatwa na kiwimbi kama alama ya pekee. Hizi mbili za mwisho huwezi kuzitofautisha kwa macho, lakini grep inaziona tofauti. Ukigawa mbolea au mkopo kwa orodha hiyo, eneo moja linakuwa manne, na mtu anayetafutwa kwa jina anaambiwa hayumo.

Dawa yangu ni mistari michache ya Python 3:

import unicodedata
def ufunguo(jina):
    d = unicodedata.normalize('NFD', jina.lower())
    return ''.join(c for c in d if not unicodedata.combining(c))

Zote nne zinatoka "githongo". Lakini tahadhari: tumia matokeo haya kutafuta na kulinganisha tu. Usiyahifadhi badala ya jina lenyewe. Ukifuta alama kwenye faili la asili, umeirudisha Kimeru mwaka 1963, na hakuna skripti itakayojua tena ni i ipi iliyokuwa ĩ. Weka safu mbili: moja ya kompyuta, nyingine ya mwenye jina.

Jaribu na jina la kwenu, uone linatoka mara ngapi.