Kijana wa Turkana na Kanisa

Leo tuache programu kidogo. Mnakumbuka mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo alipopinga jinsi mifupa ya Kijana wa Turkana ingeonyeshwa katika makumbusho ya Nairobi? Kamoya Kimeu alikiona kipande cha kwanza huko Nariokotome mwaka 1984. Mifupa hiyo ina miaka kama milioni 1.5. Richard Leakey aliitetea. Lakini babu yake, Harry Leakey, alikuwa mmishonari Kabete, na alishiriki kutafsiri Biblia kwa Kikuyu! Familia ni ile ile.

Makumbusho yalifunguliwa tena 2008, mifupa ikiwemo. Makanisa bado yanajaa. Basi mtoto akiuliza juu ya mifupa hiyo Jumapili, tusimnyamazishe. Tukimfukuza na swali lake, atarudi kweli?