Oili ikipanda lazima ishuke

Nilipotea kidogo, likizo nilikuwa kwetu Lukozi. Nimerudi chuo na dhambi moja ya kuungama: nilichangia kuharibu gari la mjomba, lile linalobeba kabichi ambazo ndizo zinanilipia ada. Ila mnajua mi ni mtu wa historia, kwa hiyo naanzia mbali.

Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo lake: moshi unaotoka kwenye injini bado una nguvu, basi uzungushe feni itakayosukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hiyo ndiyo tabo. Watu hawakuikimbilia. Ilibidi ifike miaka ya 1920 ndipo meli mbili za abiria za Ujerumani zikafungwa dizeli za namna hiyo, na injini ya nguvu za farasi 1,750 ikatoa 2,500.

Sisi watu wa milimani tunaingia hapa. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak, Marekani, zaidi ya mita 4,300. Injini iliyokuwa na farasi 350 usawa wa bahari, kule juu ilibaki na 230 hivi, maana hewa ni nyepesi. Kwa tabo ikarudi pale pale kwenye 350 na ushee. Mwaka 1962 tabo ikaingia kwenye magari madogo ya Marekani, na mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda Safari Rally huko Kenya na Toyota Celica ya tabo. Toyota ikarudia 1985 na 1986.

Historia yote hiyo ni ya nguvu. Hakuna anayesimulia bomba la kurudisha oili.

Mjomba ana Land Cruiser mkonga, injini 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Kiwandani ilitoka bila tabo. Akatafuta ya mtumba, fundi akaifunga, mimi nikashika tochi. Kwenye mpira wa kurudisha oili nikajifanya mjuaji: “Upitishe huku chini, halafu uupandishe kidogo, usiguse ekzosi.” Fundi akakubali. Ulionekana safi kweli!

Barabara tambarare gari lilikuwa zima. Siku ya kupanda Magamba, moshi wa bluu nyuma kama tunafukiza nyuki. Oili ikaisha haraka, safari zikasimama, kabichi zikaanza kuoza uani. Mjomba akataka kukopa anunue tabo nyingine.

Mzee mmoja wa gereji akamzuia. Akatufafanulia hivi: oili inaingia kwenye tabo kwa kusukumwa na pampu, kupitia kibomba chembamba. Ikishapita kwenye shafti inayozunguka kasi ya ajabu, inatoka ikiwa povu, haina msukumo tena. Inashuka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo bomba la kurudi liwe nene, literemke moja kwa moja, lisiwe na bonde wala kupanda tena. La kwetu lilikuwa na bonde, oili ikatuama humo kama maji chini ya sinki. Na mdomo wake ulitobolewa chini sana nyuma ya sampo. Gari likipanda, oili yote inakimbilia nyuma na kuufunika. Ringi za tabo hazikutengenezwa kuzuia oili iliyosimama, basi inavuja kwenye ekzosi na kuungua.

Tabo ilikuwa nzima! Sampo ikashushwa kwanza, ili vyuma visiingie kwenye injini, tundu la zamani likazibwa, jipya likatobolewa juu ya usawa wa oili. Mpira mfupi, mnene, ukateremka wima. Tukapanda Magamba na mzigo kamili, nyuma peupe.

Hasara ya kabichi mjomba hakunidai. Alisema tu, “Mwanangu, siku nyingine ukishika tochi, shika tochi.”

Hapa darasani tunafundishwa kuuliza nani aligundua nini. Siku hizi nauliza pia kilichopanda kilirudije chini. Na wewe unayetaka kufunga tabo kwenye gari la mzee wako, anza na njia ya kurudi kabla hujaanza kuhesabu farasi.

Haya, kesho nina semina saa mbili. Tuonane.