Pembe ya nyati na spika ya betri

Kila asubuhi hapa Manzese muuza dawa ya kunguni hupita mlangoni kwangu kabla sijamaliza chai. Mwenyewe hasemi neno. Kinachosema ni kile kipaza sauti cha begani: dawa ya panya, kunguni, mende. Kikimaliza kinaanza upya.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kila nikikisikia nawaza mbiu. Mbiu ilikuwa pembe ya nyati. Ikilia, watu waliacha walichokishika, kwa kuwa kuna mgambo, yaani tangazo la wakubwa. Ndiyo maana tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe haina maneno. Ilikuita tu, habari yenyewe ulikwenda kuipata kwa mtu, umemkabili uso kwa uso. Pembe zile kubwa ziitwazo siwa, za Pate na Lamu, ile ya pembe ya ndovu na ile ya shaba, zilikuwa za fahari ya wenye mji. Mbiu ilikuwa ya kila mwenye masikio.

Maneno hayo hayakufa, yalihama. Mgambo leo ni askari, na wanafunzi wangu hushangaa nikiwaambia kwamba lilikuwa tangazo. Mbiu nayo imejificha ndani ya kaulimbiu. Mei Mosi haipiti, Nanenane haipiti, bila kaulimbiu kwenye bango, na pembe ya nyati imo humo humo. Hilo hunifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza darasani.

Hata megafoni, jina la kigeni la kile kipaza sauti cha begani, limehama. Mwaka 1878 Thomas Edison alikiita hivyo kifaa cha kusikilizia: mabomba mawili ya karatasi, kila moja karibu mita 2, mtu akitega sikio. Baadaye jina likaangukia bomba la kusemea. Sisi tuliangalia kazi yake, kupaza, tukapata kipaza sauti. Jina zuri, ila tumelibebesha mno: maikrofoni ya msikitini, maspika ya harusini na hiki cha begani, vyote kipaza sauti.

Juzi nilimsimamisha yule kijana wa dawa ya kunguni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu nikione."

Akakigeuza. Betri kubwa za mawe zimepangwa tumboni, kitufe cha kurekodia kimefutika rangi, mkanda umeungwa kwa waya. Sauti ni ya mdogo wake; yeye koo lilishakauka kwa kunadi.

"Mnakiitaje?"

"Spika."

Nikaanza kumweleza habari za mbiu. Akaizima kwanza, apate kunisikia.