Wauguzi wanne waliokomboa jina la kukanda

Bibi harusi wetu husingwa na kukandwa na somo wake, wala hakuna anayemdhania vibaya. London mwaka 1894 haikuwa hivyo: jarida la madaktari lilifichua kuwa baadhi ya nyumba za kukanda ni madanguro. Wauguzi wanawake wanne, Rosalind Paget mmoja wao, wakahofia jina lao, wakaunda chama. Masharti makali: kukanda ni kwa agizo la daktari tu, mwanamume hakandwi mwili mzima, ila daktari akiomba mahsusi, kujitangaza ovyo marufuku. (Stara hiyo naipenda!) Vita vya 1914 vikaleta majeruhi maelfu, wakahitajiwa kweli. Mwaka 1920 wakapewa hati ya kifalme. Chama hicho ndicho leo cha wataalamu wa fiziotherapia Uingereza.