Jaji aliyekataa kutamka kunyongwa

Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu ya Tanzania mjini Dodoma, Jaji James Mwalusanya alikuwa na watu wawili mbele yake waliopatikana na hatia ya mauaji. Kilichobaki ni adhabu. Kwa kosa hilo sheria haikumpa jaji nafasi ya kuchagua. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, kilimtaka atamke jambo moja tu: kunyongwa hadi kufa. Hakikujali kama mshtakiwa alipanga mauaji kwa miezi au alipandwa na hasira kwa dakika moja.

Mwalusanya hakulitamka. Aliandika hukumu ndefu akisema adhabu ya kifo inavunja Katiba, kisha akawapa wote wawili kifungo cha maisha. Shauri hilo wanasheria wanalijua kwa jina la Mbushuu.

Jaji huyo hakuzuka siku hiyo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini Serikali ilijiwekea muda wa kujipanga, na ni mwaka 1988 ndipo mwananchi alipoweza kuzidai mahakamani. Mwalusanya, wakati huo akiwa Mwanza, alikuwa miongoni mwa majaji waliozichukua haki hizo kwa uzito tangu mwanzo. Katika shauri la Daudi Pete alibatilisha kifungu kilichowanyima dhamana baadhi ya washtakiwa, na Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono. Mwaka 1990, katika shauri la Holaria Pastory, alitamka kuwa mila ya Wahaya iliyomkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Mtu aliyesoma hukumu hizo angeweza kukisia atakakofika siku akiletewa suala la kitanzi.

Kinachoigusa roho katika hukumu ya Mbushuu ni kwamba jaji hakujificha nyuma ya lugha ya vifungu. Alieleza kunyongwa kulivyo. Mfungwa hupimwa uzito ili ukadiriwe urefu wa kamba. Sakafu hufunguka chini ya miguu yake, na tarajio ni kwamba shingo itavunjika mara moja. Kamba ikizidi, kichwa kinaweza kung'oka. Ikipungua, mtu hukabwa akifa polepole. Akaongeza mateso ya kusubiri: mtu anakaa miaka bila kujua asubuhi gani ataitwa. Akazungumzia pia mshtakiwa maskini ambaye wakili wake hupangiwa na mahakama kwa ujira mdogo mno. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili, kwa kuwa asiye na utetezi wa kutosha anaweza kuhukumiwa kimakosa. Kifungo kisicho cha haki kinaweza kufutwa, mtu akarudi kwao. Aliyenyongwa kimakosa hakuna rufaa itakayomfaa.

Shauri lilikwenda Mahakama ya Rufani, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake, Lameck Makame na Augustino Ramadhani. Januari 1995 walitoa uamuzi ambao mpaka leo unasumbua akili. Walikubaliana na Mwalusanya kwamba adhabu ya kifo, na namna inavyotekelezwa, ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu. Kisha wakageukia Ibara ya 30 ya Katiba, inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma, wakasema adhabu hiyo inaokolewa na ibara hiyo. Kama inahitajika au haihitajiki, hilo ni la jamii yenyewe kuamua. Hukumu ya kunyongwa ikarudishwa. Naheshimu weledi wa majaji wale, lakini siwezi kukubali kwamba ukatili uliokwisha kutambuliwa na mahakama ya juu kabisa nchini uachwe usubiri wengi waukatae. Haki ziliandikwa kwa ajili ya yule ambaye wengi hawamtaki.

Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua shauri la Makwanyane. Majaji wake walilichambua shauri la Mbushuu, wakaona kuwa kwa katiba yao ni dola inayopaswa kuthibitisha kwamba adhabu hiyo ni ya lazima, na dola ilikuwa imeshindwa. Majaji wote 11 wakaifuta. Uganda ilifuata kwa njia yake: katika shauri la Susan Kigula, mwaka 2009, Mahakama ya Juu ilikataa hukumu ya kifo ya lazima, na ikasema kumweka mtu zaidi ya miaka mitatu akisubiri kitanzi baada ya rufaa yake ya mwisho ni ukatili. Kenya nayo iliikataa hukumu ya kifo ya lazima Desemba 2017 kupitia shauri la Muruatetu.

Tanzania haijanyonga mtu tangu mwaka uleule wa 1994. Marais wameshika kalamu bila kusaini hati za kunyonga, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kuwa hatosaini. Lakini majaji waliendelea kutamka kifo, na waliotamkiwa waliendelea kusubiri magerezani, uhai wao ukitegemea mkono wa mtu mmoja ambaye anaweza kubadilika uchaguzi ukifika.

Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua shauri la Ally Rajabu na wenzake. Ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kunavunja haki ya kuishi, na kunyonga kunavunja utu. Tanzania ilipewa mwaka mmoja kuliondoa sharti hilo katika sheria. Mwaka ukapita, kifungu cha 197 kikiwa palepale. Wiki moja tu kabla ya uamuzi huo, Serikali ilikuwa imekwisha kupeleka taarifa ya kuliondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi zao kufungua mashauri yao moja kwa moja katika mahakama hiyo.