Jiwe la Masisi Laulizwa Kwao

Mtu akituonyesha gunia la mchanga mweusi, akasema koltani hiyo yatoka Rubaya, katika Masisi, tutajuaje kama asema kweli? Ya ng'ambo ya mpaka nayo ni nyeusi na nzito vile vile. Ndivyo ilivyo kwa bati la Bisie, huko Walikale. Swali hilo lilikuwa zito tangu mwaka 2000, bei ya koltani ilipopanda ghafula, na wenye bunduki wakakaa penye mashimo kutoza watu.

Tuanzie jikoni. Maji ya chumvi yakimwagika motoni, ndimi za moto hugeuka manjano. Wengi wetu twaona, twapita. Bunsen na Kirchhoff wa Heidelberg, Ujerumani, hawakupita. Mwaka 1859 walianza kuchunguza rangi hizo, wakatambua kwamba kila elementi, ikiwa mvuke wa moto, hutoa rangi zake yenyewe. Lakini jiwe gumu haliwi mvuke kwa moto wa jikoni! Mwaka 1960 Theodore Maiman, Mmarekani, aliwasha leza ya kwanza kwa fimbo ya yakuti. Miaka miwili baadaye Brech na Cross waliupiga mwanga huo juu ya vitu vigumu, vikafuka mvuke, nao mvuke ukachunguzwa.

Walioileta kazi ya leza kwenye koltani yetu ni Wajerumani wa idara ya jiolojia, BGR, huko Hannover, katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Punje moja hupigwa na leza, na vumbi lake huchukuliwa na gesi mpaka katika moto wa argoni wenye joto la digrii maelfu. Humo atomi hupokonywa elektroni. Hiyo ndiyo plasma. Kisha chombo huzitenga atomi kwa uzito. Urani iliyomo katika punje hugeuka risasi polepole sana, basi wakilinganisha hizo mbili hupata umri wa jiwe. Koltani ya Kivu ina umri wa karibu miaka milioni elfu moja. Ile ya Msumbiji ni changa kwa karibu nusu. Hapo mwongo hukamatwa upesi.

Ila Rwanda na Kivu ni ukanda mmoja wa mawe, umri mmoja. Yabaki kulinganisha elementi nyingine zilizomo kidogo kidogo, shimo kwa shimo, na mawe ya mfano yaliyowekwa akiba. Magunia yakichanganywa, kazi huwa ngumu zaidi.

Kabla njia hiyo haijazoeleka, Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hata Machi 2011. Mchimbaji mwaminifu aliweka sururu chini pamoja na mwizi, na ada ya shule ya watoto ikakosekana. Kwetu huo ulikuwa uonevu.

Mwaka 2024 M23 waliiteka Rubaya. Punje za huko zikipigwa leza, hutoa umri ule ule wa zamani.