Dirisha la vioo viwili limeingia ukungu? Lifute kwanza kabla ya kuita fundi

Kwa wanaoishi Marekani, Kanada au Uingereza, hali hii si ngeni. Baridi imeanza, asubuhi pazia linafunguliwa, na dirisha la chumbani limetanda ukungu. Linafutwa, lakini wapi!

Aliyekulia Mombasa au Bujumbura, kwenye madirisha ya kioo kimoja au ya nondo na wavu, huenda hajawahi kukutana na dirisha la aina hii. Hapo ndipo pesa inapopotea: anaambiwa dirisha zima ling'olewe, kumbe tatizo ni kioo tu, au ni mvuke wa jikoni.

Dirisha hili likoje?

Ni vioo viwili vilivyounganishwa huku vikiachiana nafasi, mara nyingi milimita 12 hadi 16. Nafasi hiyo hujazwa hewa kavu au gesi ya argoni, ambayo hupitisha joto kidogo kuliko hewa ya kawaida. Pembezoni kuna ukanda wa chuma au plastiki, na mara nyingi ndani yake kuna chembechembe za kunyonya unyevu, kama zile za vipakiti vidogo ndani ya boksi la viatu vipya. Kisha gundi nzito huziba pande zote.

Jaribio la kitambaa

Chukua kitambaa kikavu, futa kioo upande wa ndani, kisha upande wa nje kama unafikika kwa usalama.

1. Ukungu ukifutika upande wa chumbani, dirisha ni zima. Tatizo ni unyevu wa ndani. Chumba chenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50, mvuke hugeuka maji kwenye kitu chochote chenye nyuzi 9 hivi kushuka chini. EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, inashauri unyevu wa ndani uwe kati ya asilimia 30 na 50. Kipima unyevu kidogo cha mezani kitakuonyesha ulipo.

Dawa yake: funika sufuria, washa feni ya kutolea hewa jikoni na bafuni, usianike nguo chumbani, na fungua dirisha dakika chache kila siku. Ukiacha hivyo hivyo, kuvu itaota kwenye fremu na ukutani, na hiyo ni shida kwa mtoto mwenye pumu.

2. Ukifutika upande wa nje, ni umande tu. Unaonyesha kwamba joto la ndani halivuji kwenda kioo cha nje. Jua likichomoza unakauka.

3. Usipofutika pande zote mbili, uko katikati. Gundi imeachia.

Kwa nini gundi huachia?

Mchana wa jua hewa ya katikati hutanuka, usiku husinyaa. Miaka ikipita, gundi inachoka na kupata tundu dogo. Kila usiku dirisha linavuta hewa yenye unyevu, hadi zile chembechembe zinashiba. Mwanzoni ukungu unakuja na kuondoka. Baadaye yanabaki madoa meupe yasiyotoka, kwa sababu unyevu umeshakula uso wa kioo.

Sabuni, siki au mashine ya kukaushia nywele havisaidii, maana havifiki katikati.

Njia tatu za kulitengeneza

Kubadilisha vioo tu: fremu ikiwa nzima, fundi vioo hupima upana, urefu na unene, kisha huagiza vioo vipya vilivyounganishwa tayari. Kwa kawaida ni nafuu kuliko dirisha zima.

Kutoboa na kukausha: fundi hutoboa vitundu, huosha ndani na kuweka vali ndogo ya kupumulia. Dirisha linaweza kung'aa tena, lakini gesi hairudi wala uwezo wa kuzuia baridi. Madoa ya zamani pia yanaweza kubaki. Na kioo cha usalama kilichokazwa kwa moto hakitobolewi. Kikiguswa na drili kinasambaratika chote.

Kubadilisha dirisha zima: hii ni pale fremu imeoza, imepinda au inapitisha upepo.

Kabla ya kutoa hela

Angalia ule ukanda wa katikati au kona ya kioo. Mara nyingi kuna jina la kiwanda na tarehe. Viwanda vingi hutoa waranti ya miaka kadhaa kwa gundi kuachia, hivyo huenda kioo kikapatikana bure, ukalipia ufundi tu.

Kama kioo kiko mlangoni au karibu na bafu, tafuta alama ya kioo cha usalama pembeni. Kinachowekwa lazima kiwe cha aina hiyo hiyo.

Mpangaji asitoboe wala kung'oa chochote. Apige picha, amwandikie mwenye nyumba akitaja tarehe, na abaki na nakala.

Mwisho, hakuna haja ya kukimbizwa. Gundi kuachia si hatari ya papo kwa papo, kioo hakitadondoka kwa sababu hiyo. Kuna muda wa kuuliza bei kwa mafundi wawili au watatu, na anayesisitiza usaini leo leo, mwache aende.